Muhogo Mweupe wa Mama Zaina

Harufu ya muhogo uliolowekwa siku nne, chachu na nzito, bado hunirudisha kwenye kijito cha kijiji chetu, kando ya njia ya Lusangi. Tulikuwa watu wa mpunga na muhogo. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake la kuloweka ukingoni, na unga wetu mweupe ulisifiwa hadi Kasongo. Mimi, ambaye leo nina diploma ya kilimo niliyoihangaikia mwenyewe, na nyumba ya kwanza ya bati kijijini ni yangu, nilianzia pale, nikimenya muhogo na mama.

Kiangazi kimoja muhogo ukaanza kutoka mashimoni mwekundu kama matofali. Wa kila mtu, isipokuwa wa Mama Zaina, mjane aliyeletwa na ndoa kutoka Kabambare.

“Mama Zaina, umetia nini mu maji?” mama alimuuliza mbele ya wote.

“Dada, miye nitie nini? Shimo yangu iko na chemchemi yake. Njoo uangalie.”

“Wachawi wote wanasemaka vile!” mwanamke mwingine akadakia, wote wakacheka bila furaha.

Hakuna aliyeinama kuangalia. Sokoni hakuna aliyegusa unga wake tena.

Mimi nilikuwa na shaka nyingine. Baba alisema anakwenda kutega samaki upande wa juu wa kijito, lakini alirudi mikono mitupu, suruali nyekundu mpaka magotini. Siku moja nikakuta karai lake limefichwa majanini, mchanga bado umeganda ndani. Alikuwa akitafuta dhahabu, na udongo alioukoroga ndio ulioshuka kwenye mashimo yetu. Sikusema. Muhula ule ule nilipata sare yangu ya kwanza ya shule. Mama Zaina alifunga vitu vyake, akapanda pikipiki kwenda Salamabila, hakurudi.

Leo wachimbaji wamejaa kule juu, na unga mweupe twanunua kutoka mbali. Nimesema diploma niliihangaikia mwenyewe, na ni kweli. Ile sare ya kwanza ndiyo sina uhakika nayo. Mwezi uliopita nilifukua shimo la Mama Zaina, chemchemi ikalijaza, nikaloweka muhogo wangu. Ulitoka mweupe kabisa. Nikauanika mbele ya nyumba yangu, nikingoja waje kuuliza, niwaeleze kwa elimu yangu. Majirani walipita, wakautazama, wakashusha sauti.