Tembo kwa Sauti Ndogo

Juzi nilikuwa sokoni Tottenham, nabishana na muuza vyombo vya mitumba juu ya mashine ya kusagia. Unanijua mimi: sinunui kitu kabla sijaondoka mara mbili na kuitwa mara mbili. Yule muuzaji, Mkongo mwenye subira zake, akachoka nami. "Mama, sikiliza mwenyewe kama ni nzima," akasema, akaiwasha. Ikanguruma. Nikamlipa alichotaka, nikabeba mzigo wangu, na nilikuwa nimeshafika kituo cha basi ndipo nikakumbuka kwamba sikuomba nipunguziwe hata kidogo.

Mngurumo ule niliuacha jikoni kwa bibi yangu, ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne. Nimezihesabu kupanda na kushuka. Lifti ilikuwepo, ila kwa kutazamwa tu. Bibi alikuwa Mhindi wa Tanga, na mimi nililelewa kwake kwa sababu wazazi wangu walishinda kazini. Jumamosi asubuhi jiko lilinukia bizari na mafuta ya moto, vioo vya dirisha vinatoka jasho, na kazi yangu ilikuwa kuchambua dengu: mawe huku, dengu huku.

Jirani wa mlango wa pili naye alikuwa wa Tanga, Mdigo, na alikuja na kiti chake mwenyewe. Walikuwa hawajawahi kuonana huko kwao. Iliwabidi waje London ndipo wawe mashoga. Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa kimeachwa uwanja wa ndege. Bibi alikuwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye lugha aliyocheka nayo utotoni, na mtu huyo ndiye yule jirani. Mimi nilikiokota pale chini, pamoja na mawe ya dengu.

Bibi alipenda kutusimulia vita vikuu vya ndugu kwa ndugu, vile vya dini yake. Kulikuwa na mungu aliyekataa kushika silaha. Alikubali kuendesha gari la farasi tu. Jina lake bibi hakulitaja ovyo. Alimwita Dereva.

Adui mmoja alikuwa mwalimu mzee asiyeuawa maadamu ameshika silaha, na asingeziweka chini mpaka asikie mwanawe amekufa. Mwana yu hai. Basi Dereva akatoa shauri: auawe tembo mwenye jina kama la yule mwana, kisha mfalme asiyewahi kusema uongo ndiye atangaze.

"Tembo gani huyo, shoga?" jirani akadakia. "Tembo wa mnazi hafi, hunywewa."

"Ndovu! Ndovu, mlevi wewe!" Walicheka mpaka chai ikamwagika.

Mfalme akalitangaza lile jina kwa nguvu, kwamba amekufa, kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "yule tembo." Papo hapo Dereva akapuliza baragumu, neno likamezwa. Mzee akaweka silaha chini, akakatwa kichwa. Na gari la mfalme, ambalo kwa ukweli wake lilikuwa likielea vidole vinne juu ya ardhi, likashuka vumbini kama magari mengine.

"Astaghafirullah. Mungu wenu ana maneno ya dalali," jirani alisema.

"Dalali hutafuta chake. Huyu alitaka haki ishinde. Wale maadui walithubutu kumvua mwanamke nguo mbele ya baraza, ulitaka washinde wao?"

"Basi angesema mwenyewe! Kwa nini amchafue mwenzake?"

Bibi alimwongezea chai.

Mimi nilikuwa upande wa mfalme, kwa sababu nilikuwa na sifa hiyo hiyo. Mkaguzi wa basi aliwahi kuuliza umri wangu, bibi akasema minne, mimi nikamwonyesha vidole sita, halafu nikamhesabia tena. Jirani alieneza habari jengo zima: mtoto huyu hajui kudanganya. Kila akitoka safari alinigeukia mimi, si bibi. "Mwanangu, kuna mtu alinigongea?" Alikuwa na binti aliyekosana naye kwa sababu ya mume aliyemchagua, binti akahamia Stratford, miaka sita hawasemezani. Kila mara nilijibu "hapana," na ilikuwa kweli.

Siku moja jirani alikwenda msibani Reading, kulala mara mbili. Mchana wa siku ya pili tukasikia mlango wake unagongwa, kisha wetu. Bibi akachungulia tundu la mlango. Sauti ikapenya: "Shikamoo. Mimi binti wa hapo jirani. Nahamia Kanada, nimekuja kumchukua mama."

Bibi akaniinamia, mikono imejaa unga. "Sema ameondoka. Si kweli ameondoka? Hilo lipaze. Kwamba anarudi kesho, sema polepole."

Nikafungua. "Ameondoka," nikasema. Nyuma yangu mashine ikanguruma. "Anarudi kesho," nikaiambia kandambili yangu.

"Wewe ndiye yule mtoto asiyedanganya?" aliuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Aliniachia karatasi yenye anwani, endapo mama angetokea. Bibi aliisoma, akaiwasha kwenye jiko la gesi, akanipa chapati mbili za sukari. Nilizila zote. Nikatazama miguu yangu: ilikuwa sakafuni, mahali ilipokuwa siku zote.

Kesho yake bibi alikuwa kaenda kuoga, mashine imezimwa, jikoni niko peke yangu. Jirani akaingia na kanga ya msiba begani. "Mwanangu, kuna mtu alinigongea?"

"Hapana," nikasema. Kwa sauti ya kawaida, bila tembo, bila baragumu. Hakuna aliyenituma.

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugomvi na Dereva. Wanasema alikuja duniani kusimamisha haki, na huenda. Lakini alimchagua mwenye mdomo safi kwa makusudi. Uongo wa mwongo haumwangushi mtu. Na hakumwambia kwamba wa pili utatoka wenyewe. Angalau Dereva alilaaniwa na mama wa waliouawa, akaipokea laana bila kubisha. Bibi yangu hakulaaniwa na mtu. Alipikiwa pilau kila Idi, kwa mkono wa yule yule jirani, mpaka akafa ameshikwa mkono naye.

Jirani alifuata miaka miwili baadaye, hospitalini, akiniita mtoto asiyemdanganya. Jengo limebomolewa. Binti zangu Kiswahili wanakisikia, wananijibu Kiingereza. Mimi ninacho bado, safi kabisa, na kila nikikaa peke yangu kinanijia kwa sentensi moja tu, "Binti yako alikuja," na katika London hii nzima hakuna mlango wa kuugonga nikaisema.