Kiangazi cha Bertrams

Wiki iliyopita nilipita Bertrams, hapa Johannesburg, kwa mara ya kwanza tangu tuhame. Kazini walinituma kupeleka mzigo karibu na uwanja wa mpira, na wakati wa kurudi nikajikuta nimeshika ile barabara yetu ya zamani. Nyumba bado ipo. Imepakwa rangi ya krimu, geti ni jipya, na vyumba vya nyuma vimeezekwa mabati ya kijani yanayong'aa. Mwenye nyumba alikuwa amesimama getini na chupa yake ya soda, amenenepa. Hakunitambua. Alinipungia mkono, akaniambia kwa furaha kwamba summer imefika. Nilitembea hadi kwenye robot, ndivyo tunavyoita huku taa za barabarani, zikawaka kijani mara mbili nami bado nimesimama pale na hasira zangu.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana neno hilo, summer, nina ugomvi nalo tangu utotoni.

Mwaka 2015 nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa akifanya kazi za ndani mtaa wa Kensington na kulala huko huko, akirudi Jumapili tu. Katikati ya mwaka ule ndipo Koko alipofika kutoka Uvira, Kongo, ili anilee. Koko ndivyo tunavyomwita kwetu mama mzaa mama. Tulikaa chumba cha nyuma, mimi naye, chini ya mabati ya zamani yaliyokuwa yakilia ta-ta-ta jua linapopanda. Asubuhi tuliamshwa na hadida, wale ndege wenye mdomo mrefu wanaopiga kelele kama wamefumaniwa, na Koko alikuwa anawatukana kabla hajanawa uso. Kisha alikaanga karanga zake, akazifunga kwenye vikaratasi na kwenda kuziuza Marshalltown, nje ya maofisi. Jioni alipika bugali na ndagala, yaani ugali na dagaa wa kwetu, kwa mafuta ya mawese, harufu ikajaa ua mzima, na wapangaji wengine wakapita mlangoni petu wakijifanya wanatafuta kitu.

Chumba cha pili alikaa jirani Mtanzania wa Tanga, mlinzi wa usiku, mtu mpole sana. Siku ya kwanza alimwamkia Koko kwa heshima zote, "Shikamoo, bibi." Koko akamtazama toka juu hadi chini. Kwetu Kongo, bibi ni mke. Akamwambia, "Miye si bibi yako. Bibi yako iko kwenu Tanga, anakungojea." Jirani aliomba radhi wiki nzima. Tulicheka sana, na hakuna kati yetu aliyejiuliza kama kuna maneno mengine ya namna hiyo yanayotungoja.

Kwa kuwa Koko hakujua Kiingereza, na mama alikijua cha kusikia tu, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Karatasi yoyote iliyopita chini ya mlango aliiinua juu na kuniita, "Mutoto ya kizungu, kuya usome." Nilikuja mbio. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza, nikimwuliza jirani neno nisilolijua na kuliandika katika daftari dogo, Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule. Nilijiona mtu mkubwa.

Oktoba ile mwalimu wetu alitugawia sehemu za dunia kwa vikaratasi ndani ya kofia. Wenzangu walipata Misri, Brazili, Japani. Mimi nikapata visiwa vya tropiki vya Bahari ya Pasifiki, na kazi ilikuwa kutengeneza bango kuhusu hali ya hewa ya huko. Nilinuna. Darasa zima lilitaka Misri. Lakini Koko aliponisikia nikisoma kile kitabu cha maktaba, aliacha kuchambua mchele.

Nilimweleza kwamba huko hakuna baridi ya kutetemeka kama Julai ya Johannesburg, mtu anavaa shati lile lile mwaka mzima. Kwamba katika visiwa vya kusini mwa ikweta mwaka una vipande viwili tu. Novemba hadi Aprili ni mvua na fukuto, na ndio msimu wa vimbunga vinavyozaliwa baharini na kung'oa minazi. Mei hadi Oktoba mvua inapungua, na upepo wa kusini-mashariki unavuma kutwa. Kwamba kisiwa kimoja chenye mlima katikati kinaweza kuloa kila siku upande unaopokea upepo, na upande wa pili watu wanachungulia matangi yao.

"Ile ni kwetu," Koko akasema. "Mulima inakamata mvula, chini tunabaki tunaangalia." Tangu hapo bango likawa letu wote wawili. Yeye alipaka bahari kwa kalamu ya bluu mpaka ikaisha. Aliniamuru niandike majina ya misimu kwa Kiswahili pia, chini ya Kiingereza, ili na yeye apate kitu cha kusoma. Kwenye miezi ya mvua nikaandika masika, kwenye miezi mikavu kiangazi. Siku hiyo hiyo nilimwuliza jirani, basi summer ni nini? Alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Akasema, "Summer? Hiyo ni kiangazi, mwanangu." Kwake yeye kiangazi ni jua kali, joto. Kwa Koko kiangazi ni miezi isiyo na tone la mvua. Mimi niliandika neno moja kwa vitu viwili, nikafunga daftari na kwenda kucheza.

Siku ya kuonyesha mabango mwalimu alinisifu, kisha akaongeza jambo. Alisema maji ya Pasifiki upande wa katikati na mashariki yakipata joto kupita kiasi, hali wanayoiita El Nino, baadhi ya visiwa vile hupata mafuriko na vingine ukame, na mara nyingi huku kusini mwa Afrika mvua hukataa. Akasema mwaka ule ndio hivyo. Nilipeleka habari nyumbani pamoja na bango, tukalibandika ukutani. Koko aliliangalia kama mtu aliyemkamata mwizi wake.

Na kweli mvua ilikataa. Summer ile yote mbingu ilikuwa nyeupe. Tulikatazwa kumwagilia bustani kwa mipira ya maji, tulioga kwa ndoo moja, na maji yale yale yakaenda chooni. Mawingu yalijikusanya mchana, yakanguruma kidogo, yakaondoka. Kila asubuhi Koko alisimama mbele ya bango, mikono kiunoni, akiviambia visiwa vile, "Murudishe mvula yetu." Huo ndio ulikuwa mwaka wake wa kwanza mjini hapa. Hakuwa amewahi kuiona summer nyingine. Alikuwa na haki zote za kuamini kwamba summer ya Johannesburg ni kiangazi, joto na vumbi.

Oktoba iliyofuata karatasi ya mwenye nyumba ikapita chini ya mlango. Koko akaniita. Nilikuwa na kamba ya kuruka mkononi, wenzangu wakinisubiri uani. Nikasoma haraka haraka: mabati ya chumba chetu yatatolewa summer na kuwekwa mapya, na mwenye nyumba hatahusika na uharibifu wowote wa maji. Nikatafsiri: "Atatoa mabati kiangazi. Maji yakiharibu kitu, si juu yake." Koko akacheka. "Maji gani kiangazi? Huyu mutu anajua kazi. Nani anaezua nyumba wakati ya mvula?" Akaandika jina lake pale chini, polepole, kwa herufi kubwa za shule ya misheni.

Mafundi walikuja Novemba, asubuhi ya Jumanne, bila kubisha hodi. Hawakusema ni siku gani, hawakuleta turubai, hawakumwambia mtu asogeze hata sufuria. Mimi shuleni, Koko Marshalltown, jirani amelala baada ya zamu yake. Saa nane mchana nikiwa darasani kukawa giza, mwalimu akawasha taa, halafu ikaanza mvua ya mawe. Watoto walishangilia. Hata mimi nilishangilia, rafiki yangu, na hilo sijalisamehe.

Nilipofika nyumbani Koko alikuwa ameshafika. Chumba kilikuwa wazi juu, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, unga umekuwa uji, kalamu ya bluu ya bahari yetu inachuruzika ukutani. Yeye hakuangalia hayo. Alikuwa amepiga magoti na Biblia yake mapajani, akijaribu kufungua kurasa zilizogandana. Humo ndimo alimoficha karatasi yake ya hifadhi, ile ya ofisi ya wakimbizi, ili isijikunje. Barabarani alitembea na nakala, akiogopa wezi na polisi. Sasa karatasi halisi ilikuwa mikononi mwake, wino umetawanyika, picha yake haina uso. Bila karatasi ile hakuwa mtu wa kuishi nchi hii.

Mwenye nyumba alikuja jioni. Alikuwa na ile barua mkononi, imekauka vizuri sana. "Eish, gogo, nilisema summer. Ulisaini hapa." Gogo ndiye koko wa watu wa huku. Akaigonga kwa kidole kwenye yale maandishi makubwa ya Koko, mara mbili. Mtu mzima, aliyezaliwa mji huu, anayejua fika kwamba hapa mvua zote huja summer, tena mchana, tena na mawe. Alijua. Alijua alipoandika ule mstari wa maji, na ndiyo maana aliuandika. Nikatafsiri na hayo pia, maana nani mwingine angetafsiri? Koko alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia jambo moja tu, kwa sauti ya chini, "Ungesema tu mvula."

Hakunipiga, hakunigombeza. Ninamkasirikia hata kwa hilo. Ningepigwa siku ile, lingekuwa limekwisha.

Alihangaika na ofisi ile kwa miezi mingi, akidamka kupanga foleni na kuambiwa arudi kesho, huku mtaani akipita kwa kujificha. Mwishowe alipewa karatasi nyingine. Lakini kuanzia Novemba ile sikusikia tena "mutoto ya kizungu, kuya usome." Barua zilipopita chini ya mlango aliziokota mwenyewe na kumpelekea jirani anapoamka. Mimi nilikuwa hapo hapo mezani, nikiandika kazi za shule kwa Kiingereza kilichozidi kunyooka kila muhula. Jirani aliporudi kwao mwaka 2017, nilidhani sasa itakuwa zamu yangu. Haikuwa. Nikamwuliza mara moja, akasema hakuna barua.

Hadi leo sijui kama aliacha kuniamini au alikuwa ananikinga nisibebe tena mzigo kama ule. Vyote viwili vinaniuma. Nakumbuka harufu ya ndagala, nakumbuka alivyoviamrisha visiwa vya watu, lakini kilichopotea kabisa ni ile sauti ya kuniita nije nisome, na kuipoteza kulichukua muda wa kuruka kamba.

Alifariki mwaka 2019, mwezi wa sita, nikiwa na miaka kumi na tatu. Aliugua siku chache tu, au ndivyo tulivyodhani. Baada ya mazishi mama alifungua vitenge vyake ili avigawe, na katikati ya kimoja akakuta barua zimepangwa, nyingi hazijafunguliwa. Moja ilikuwa ya kliniki, ya mwaka uliopita. Mama akanipa, akasema, "Inasema nini?"

Nikamsomea polepole, neno kwa neno, sikuruka hata anwani. Majibu ya kipimo chake yametoka. Aje haraka. Ugonjwa bado unatibika. Ilikuwa barua fupi yenye Kiingereza chepesi, ningeweza kumtafsiria nilipokuwa na miaka tisa.