Makoti ya Mali Kauli

Sura ya tatu ya tasnifu yangu ilirudishwa mara mbili. Mara ya pili profesa wangu, mzee mpole wa hapa Guangzhou ambaye hasira zake ni kunyamaza, aliandika pembeni sentensi moja tu: umeeleza waligombania nini, hujaeleza kwa nini. Ufadhili wangu ulikuwa unaisha mwisho wa muhula. Sura isipopita, ningerudi Tanga bila shahada ya uzamivu, na mama yangu alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba anarudi daktari. Nusu yao walikuwa wanangoja kutibiwa.

Nilikuwa nasoma historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, majeshi yaliyoshinda yalibaki na maghala yaliyojaa malori, mahema, mablanketi na makoti ya askari. Kuyarudisha kwao ilikuwa hasara, basi serikali zao zikayauza hukohuko yalikokuwa, kwa mkopo, serikali kwa serikali. Hapo ndipo zilipoanza barua za mabalozi. Huyu anasema tuliahidiwa mkopo, yule anasema mkopo ni wa shehena nzima, hakuna kuchagua. Nilizisoma barua hizo kwa miaka miwili na nilikuwa nimeshawahukumu wanunuzi: wajinga, wamekopa ili wanunue takataka za wenzao. Nililisema hilo kwa maneno ya kisomi, lakini ndilo nililolisema.

Posho haikutosha, kwa hiyo Jumamosi nilikuwa mkalimani wa wafanyabiashara kutoka nyumbani. Mteja wangu wa kudumu alikuwa mama mmoja wa Mbeya, mwimbaji wa kwaya, ambaye aliingia kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu kama anaingia jikoni kwake. Asubuhi moja mwenye duka ambaye mama huyo alizoea kununua kwake, mwanamke wa makamo ambaye sote tulimwita laoban, yaani bosi, alikubali kumpa suruali za jinzi kwa mali kauli: chukua mzigo, kauze, ulipe ukirudi. Ila alitaka aondoke pia na makoti yaliyobaki msimu uliopita, mazito, ya theluji, yanayofika magotini.

Mimi na kimbelembele changu sikungoja kuulizwa. Nilimwambia laoban kwa Kichina kwamba makoti hatuyataki, kwetu ni joto, nani atayavaa? Laoban akaikunja orodha ya mzigo, akairudisha kwenye droo. Akasema basi na jinzi hakuna.

"Umemwambiaje?" mama akaniuliza.

Nikamweleza, bado najivuna kidogo.

"Nani kakutuma, mwanangu? Eti kwetu ni joto! Kwetu wapi? Wewe wa Tanga unaijua baridi ya Mbeya mwezi wa saba? Walinzi na madereva wa malori watayagombania makoti haya!"

"Lakini mama, si anakulazimisha ubebe masalia yake?"

"Ananipima. Mtu kakupa mali kwa kauli tu, hana karatasi ya benki, hana dhamana. Ukianza kuchambua, hili okei, hili bu yao, silitaki, umemwambia humwamini, na yeye kakuamini. Haya, mwambie laoban nabeba loti yote. Na umwombe radhi, tena kwa adabu."

Niliomba radhi huku masikio yananiwaka. Laoban aliitoa tena orodha kwenye droo. Alichemsha maji taratibu, akamimina chai vikombe vitatu, na kimoja akakisogeza mbele yangu. Nilikinywa chote ingawa kiliniunguza ulimi.

Wiki ile nilizisoma barua za mabalozi upya, na safari hii niliona aibu. Wale niliowaita wajinga walijua wanachokifanya. Nchi zao zilikuwa na barabara zisizo na malori na hospitali zisizo na mablanketi, nami niliisoma orodha ya mali kwa macho ya mtu wa Tanga. Nao wakopeshaji hawakuwa wamekasirishwa na bei. Walikasirika kila mnunuzi alipoomba kuchagua, kwa sababu waliona ahadi yao inatiliwa shaka. Mnunuzi naye aliona kwamba kunyimwa kuchagua ni kudharauliwa. Kila upande ulidhani ndio uliotukanwa. Niliifuta sura yote nikaiandika tena kwa siku kumi na moja. Profesa aliirudisha bila alama hata moja pembeni, na nilipomuuliza kama ameisoma, alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka.

Siku ya kuitetea tasnifu kulikuwa na baridi, na kumbi za huku hazipashwi moto. Nilivaa koti. Mama wa Mbeya alikuwa amelichomoa kwenye mzigo wake kabla ya kuusafirisha, akanirushia na kusema nisije nikafa kabla sijawa daktari. Mtahini mmoja aliuliza kwa nini serikali maskini ikope ili inunue mabaki ya vita vya wengine. Nilijibu kwanza kwa barua, kisha, kwa kuwa hakuridhika, kwa makoti. Nilipomaliza alisema sasa ameelewa. Nilipita.

Katika ukurasa wa shukrani nilimtaja mama wa Mbeya, bila jina, kama alivyotaka. Nilimpigia simu nikamsomea kwa Kiswahili. Nilidhani atalia.

"Umesema nilichukua kwa kauli," akasema. "Mbona hujasema kwamba nililipa?"

Nilimwambia vitabu vimeshajalidiwa, haviongezeki neno. Akasema sawa, mwanangu, hongera, lakini nilisikia kwamba si sawa. Mtu huyu ndiye aliyeniokoa, nami nilikuwa nimemwacha kwenye karatasi akidaiwa milele.

Basi naandika hapa. Alilipa. Alirudi Guangyuan Xilu mwezi uleule aliomwahidi laoban, akamlipa mkononi, jinzi na makoti, nami nilikuwepo nikitafsiri. Makoti yote yaliuzwa, isipokuwa hili nililolivaa.