Mikono Mizima ya Kulinganishia Wangu

Msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walianza kugombania mizigo yetu, na mimi vidole vitatu vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Wanawake wa kijiji wa wakati huo nawakumbuka wote kwa majina, ila siwataji, wajukuu zao wapo.

Mama mkwe aliniona naungua kidole kwenye chungu nisishtuke. Akasema huo ni ukoma. Nikatengewa bakuli, kikombe, na kibanda cha kuhifadhia michembe, viazi vyetu vikavu, ndicho kikawa nyumba yangu. Mwanangu alikuwa anajifunza kutembea. Nilimsikia tu akilia ng'ambo ya ua wa minyaa.

Kurudi kwetu Shishiyu nisingeweza. Ng'ombe wa mahari yangu kaka alishawaolea. Baba angewatoa wapi wa kurudisha?

Mume wangu akanipeleka hospitali Bariadi, mama yake akafuatana nasi. Alikuwapo daktari mgeni mwenye mashine ya kupima mishipa ya fahamu. Akanilaza, mkono akaufunga kwenye ubao, akabandika nyaya kidoleni, akapiga umeme kwenye kiwiko. Kidole kikaruka chenyewe. Nilitaka kukimbia, ubao ukanishika.

"Umeme unapita polepole," akasema. "Lakini vipimo nilivyo navyo ni vya watu wa Ulaya. Mkono mzima wa mwanamke wa jembe, wa huku, unasomaje? Sijui. Nileteeni wenye afya niwapime, ndipo nijue wako."

Nikarudi kibandani kungoja afya ya watu wengine.

Wanawake walikataa. "Tuwekewe umeme kama balbu? Tukiungua nani atavuna?"

Aliyewashawishi ni mama mkwe mwenyewe. "Twendeni, mayu, mama zangu. Akiona mizima, ataujua uliooza."

Wakaenda wamejipaka samli mpaka mabegani, maana hospitali huendi umepauka. Nyaya zikateleza, hazishiki. Daktari akawasugua kwa sabuni mmoja mmoja.

"Daktari, unatuosha kama maiti!"

"Huyo msugue sana, hajaoga tangu mavuno!"

Mimi nilikaa benchi la nje, peke yangu, nikisikia vicheko na yowe kila umeme ulipopigwa. Mama mkwe naye alipopigwa, akatukana kwa Kisukuma, nikasikia mpaka nje.

Kisha nikaitwa, nikafungwa tena kwenye ubao. Daktari aliangalia karatasi zao, akaangalia yangu.

"Hawa hawatoshi kuandikia kitabu cha vipimo, ila kwako wananisaidia. Toka kiwiko mpaka hapa, umeme wako unakimbia kama wao." Akaweka kidole kwenye kifundo cha mkono. "Unakwama hapa. Mshipa umebanwa. Na ngozi yako nimeikagua yote, haina alama. Sio ukoma."

Mama mkwe akauliza, "Kwa hiyo anaweza kupika?"

"Anaweza. Lakini asilime wala asichume pamba kwanza. Mkono upumzike."

"Upumzike wapi, baba? Pamba imepasuka shamba zima."

Daktari akaufungua mkono wangu kwenye ubao.

Jioni ile bakuli langu likachanganywa na mengine. Mwanangu alinitazama kwanza kama mgeni, halafu akaja kwa magoti, akanipandia mapajani. Nikalala naye nyumba kubwa.

Kulipokucha mama mkwe alisimama mlangoni na kapu.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia. "Leo chumia wa kushoto."