Mfarishi Juu ya Dohani

Nimeishi katika miji inayofunika vyakula na katika miji inayofunika vichwa, lakini sijaona watu wanaofunika kama hawa wa ukingo wa Mto Songhua, kaskazini mwa China. Majira ya baridi mtungi wa kabichi chachu huvikwa koti, injini ya lori hutandikwa blanketi, na bomba la maji huzungushiwa matambara kama mguu wenye jeraha. Ndiyo maana Sui Fengqin hakuona ajabu yoyote asubuhi ile alipopanda ngazi za dohani ya mtambo wa umeme akiwa na mfarishi begani.

Ulikuwa mfarishi wake wa harusi, mwekundu wa maua makubwa, uliojaa pamba, pembe moja imetatuka. Juu ya jukwaa la chuma kuna bomba jembamba linalovuta moshi kidogo na kuupeleka kwenye mashine ya kupimia. Waya unaolipasha joto bomba hilo ulikuwa umeharibika tena, na baridi ikikaza, mvuke huganda ndani na namba za mashine hulala, hazisomeki. Fengqin akaufunga mfarishi penye kiungo, akakaza kamba, akashuka kunywa uji wake. Kila mwaka alifanya hivyo. Mwaka huu palikuwa na kamera.

Aliajiriwa pale akiwa msichana wa nywele za mikia miwili. Enzi hizo upimaji ulikuwa ni mtu mmoja wa idara ya mazingira aliyesimama getini na kadi yenye vivuli vya kijivu: anatazama moshi, anatazama kadi, na siku ya ukungu anarudi nyumbani. Baadaye wakaja watu wenye pampu za kuvuta moshi, mara chache kwa mwaka, na habari za ujio wao zilifika kabla yao. Siku hiyo boila ililishwa makaa mazuri kama mkwe. Kisha ikafungwa mashine, namba zikawa zinakwenda mjini zenyewe, usiku na mchana. Mahali fulani wajanja wakagundua kwamba mdomo wa bomba ukizibwa kwa pamba, moshi mchafu husomeka safi. Walifungwa jela. Ndipo sheria ikaja na kamera, na amri kwamba mtu asilisogelee bomba bila kutangaza kwanza. Fengqin alihudhuria mafunzo, akaitikia kwa kichwa. Haikumjia akilini kwamba mfarishi nao umo.

Kabla uji haujapoa, Qu, mkuu wa zamu, aliingia mbio.

"Dada Sui! Umefanya nini kule juu?"

"Nimefunika bomba."

"Kwa nini hasa? Kwa kitu gani?"

"Kwa mfarishi. Wa pamba, basi."

"Pamba!" Qu alijibwaga kitini. "Mjini wamemwona mwanamke anaweka pamba kwenye bomba. Picha hii hapa, mpaka kofia yako ya manyoya inaonekana."

"Basi nikautoe."

"Thubutu! Ukiutoa sasa utaambiwa umeharibu ushahidi. Wako njiani. Na wakisema umeziba, hawataniuliza mimi, ni polisi watakaokuuliza wewe."

Fengqin akampigia simu mumewe, Teng. Teng alicheka.

"Mama, nilikwambia. Wewe ukiachiwa utafunika hata mwezi." Kisha akaongeza: "Nikuletee soksi nene?"

"Za nini?"

"Nasikia mahabusu hakuna joto."

Fengqin akakata simu. Hofu yake ya kwanza ilikuwa ya kuonewa. Ya pili ikaja polepole, nayo ilikuwa mbaya zaidi: labda hawatakuwa wamemwonea. Kiungo kile kilikuwa kimelegea, kilikuwa kikivuta hewa kwa mluzi, na pembe iliyotatuka aliibana papo hapo. Je, kama bomba limemeza pamba?

Afisa aliyekuja alikuwa binti mmoja aitwaye Luan, miwani imejaa ukungu. Fengqin alipanda naye. Luan aliufungua mfarishi, akaugeuza, akaitazama ile pembe. Palikuwa na shimo la kuingia yai.

"Shangazi, pamba ya hapa iko wapi?"

"Panya."

"Panya gani wa kupanda dohani?"

"Wa nyumbani. Wa zamani." Akajisikia anavyosema, kama mwongo. "Mwanangu, sijui."

Luan aliunganisha mtungi wa gesi kwenye mdomo wa bomba, gesi ambayo kipimo chake kilijulikana. Chini, Qu alisoma kwa redio. Bomba likiwa wazi, namba ifike themanini.

"Thelathini," ilisema redio. "Hamsini. Hamsini na tano."

Fengqin akaisogelea redio.

"Qu?"

"Bado hamsini na tano."

Fengqin alishika ukingo wa chuma, glavu ikagandia.

"Sitini... sabini na moja... themanini. Themanini, Dada! Imesimama."

Alikaa palepale kwenye barafu. Luan alianza kuukunja mfarishi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Bibi yangu huufunika mtungi wa kabichi kwa koti la babu, na babu bado analitaka," alisema. "Nilikuamini tangu nilipoyaona haya maua. Lakini kamera haina bibi. Utapewa onyo, na waya utengenezwe. Asilisogelee mtu bomba hilo mpaka fundi afike."

"Na mfarishi wangu?"

"Ni kielelezo cha ushahidi, shangazi."

Mchana haujafika, bomba lililo uchi likaganda, namba ikalala. Qu akatangaza kama inavyotakiwa, na kwa kuwa mtambo usio na namba haukuruhusiwa kuwaka kwa nguvu, moto ukapunguzwa. Maji ya moto yaliyokuwa yakitoka mtamboni kwenda kupasha joto nyumba za watu yakaanza kupoa. Teng akapiga simu.

"Huku nimevaa koti ndani ya nyumba. Nani kazima?"

"Vaa na soksi zile," Fengqin alimjibu.

Alikuwa amesimama chini ya ngazi, mikono mfukoni, akimsubiri fundi. Kutoka pale aliliona bomba, na vidole vyake vilikuwa vinafunga mafundo ndani ya mifuko. Pua ilimchuruzika. Akatoa mkono mmoja, akaipangusa, akaitazama kamera, akaurudisha haraka.