Neno "hama"

Fundi wa kompyuta hapigi kibodi. Anaigusa kwa vidole viwili kama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Vidya, mwenye saiba hii, duka la intaneti mjini Nakuru, amemzoea: chai inayopoa, miwani iliyofungwa kwa uzi, midomo inayosoma kila mstari kimyakimya. Skripti yake, programu ndogo ya kutafutia kurasa za maelezo ya amri za kompyuta, fundi alimwandikia Chepkurui wa kaunta, aliyechoshwa na Kiingereza cha kurasa hizo. Chepkurui aliandika "futa" au "hamisha", na ukurasa ukafunguka. Neno lisilojulikana liliingia kwenye orodha, na kila Ijumaa fundi aliliongeza kwenye skripti huku akimtania, "Leo umenipa kazi, dada."

Vurugu za baada ya uchaguzi zilifunga saiba wiki nne. Leo imefunguliwa, kaunta haina mtu, na simu ya Chepkurui imezimwa. Hata hivyo ni Ijumaa, kwa hivyo fundi amefungua orodha kuboresha skripti ambayo hakuna mwingine anayeitumia. Kidole chake kimeganda hewani.

"Kuna nini, fundi?"

"Madam, ameandika 'hama'. Mara tatu, ile siku tulifunga." Anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. "Labda alitaka kusema 'hamisha'."

Vidya anainama kusoma. Kila mara kompyuta ilijibu kwa maneno ya fundi mwenyewe, yale yaliyokuwa yakimchekesha sana Chepkurui: Sijakuelewa, dada. Uliza tena.