Nani alipunguza bei kabla Mama Furaha hajafika?

Jumamosi. Asubuhi ukungu ulilifunika ziwa, bandari ya Kalundu yote haikuonekana.

Leo nusura nimpoteze mteja wangu wa siku zote kwa neno moja la Kiingereza.

Nilibandika karatasi juu ya vitenge vyangu: «discount», na bei mpya chini yake. Mama Furaha akafika kutoka Runingu, akauliza maana yake.

"Bei imekwisha kupunguzwa, mama."

"Na nani? Minye sijafika bado! Weye uliongea na nani?"

Akageuka aende zake.

Nikabandua karatasi, nikataja bei ya zamani. Akarudi, akaketi. Tukavutana polepole, kama watu wanaosuka mkeka, huku tukiulizana habari za watoto.

Mwishowe akalipa zaidi ya bei ya karatasi. Akaondoka akiimba.

Wapendwa wasomaji, ningemwambia kwamba amelipa zaidi?

Saa tatu na robo. Nalala, na wimbo wake bado unapita kichwani.